Foleni ya Kadi za Bei ya Kati

Jumatatu, 8 Machi 1999

Leo wateja watatu. Wa kwanza aliingia kuuliza njia ya kwenda Gerezani. Wa pili alitaka chenji. Wa tatu alikaa kwenye kompyuta namba mbili, akacheza mpira dakika tano, akasema wachezaji wangu wanafanana na masanduku yaliyovaa viatu, akaondoka. Karani wa bandari, mtu mzima mwenye tai. Imeniuma.

Ukweli ni kwamba wote wamehamia kwa Jaimin. Mtoto wa Mzee Natvarlal, yule mwenye duka la vifaa vya umeme pale kona. Kafungua chumba cha michezo ya kompyuta hatua arobaini kutoka mlangoni kwangu, mtaa huuhuu wa Narung'ombe. Nimezipima mwenyewe. Na ana adabu, hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Kila asubuhi shikamoo mjomba. Inabidi niitikie marahaba kwa adui.

Waridi, mke wangu, kanipa muda. Chumba hiki cha mbele ndicho pekee ndani ya nyumba yetu kinachotazama barabara. Amesema amechoka kushonea barazani, masika inakuja na vitambaa vya watu vitalowa. Kisipojaa wateja siku ya Idi, Idi Pili anaingiza cherehani yake. Idi ni tarehe 28. Nikamwambia chumba hiki ndicho kitu pekee nilichobaki nacho tangu shirika linipunguze kazi. Akasema anajua, ndiyo maana kaniachia miaka miwili. Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Lakini mimi si mtu wa kukata tamaa. Nina gazeti. Gazeti la kompyuta la Ulaya, nimelipata kwenye vitabu vya mtumba pale Mnazi Mmoja, nimelisoma kwa kamusi siku nne. Zinakuja kadi mpya za picha. (Kadi ya picha ni kile kibao cha kijani kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili picha zitembee sawasawa. Naeleza kwa ajili ya wajukuu watakaosoma daftari hili.) Zipo za bei ya juu, hizo si zetu. Zipo za bei ya chini. Na zipo za bei ya kati. Nimelipenda neno hilo. Bei ya kati: si maskini, si tajiri, kama mimi. Kwenye picha ya gazeti nyasi za uwanja zinaonekana unyasi mmoja mmoja, na mchezaji ana kivuli chake. Nimeikata, nimeibandika ukutani.

Jumatano, 10 Machi

Nimewaza kutwa nzima, na nimepata dili.

Mtu aliyeshika funguo za stoo ya ugawaji miaka kumi na moja hafundishwi biashara. Mwaka themanini na mbili, ikivuma tu kwamba sabuni mpya inakuja, sabuni ya zamani inatoweka madukani siku hiyohiyo. Ile mpya inakuja kidogo. Wakubwa wanaichukua kwa vimemo. Mwananchi anarudi kumtafuta yule aliyeificha ya zamani chini ya kitanda. Nimeyaona kwa macho yangu. Wakati mwingine kitanda kilikuwa changu.

Sasa tazama. Kadi mpya zimetangazwa. Zitakuja chache. Zitaishia kwa wakubwa. Mji mzima utazisaka kadi za zamani, na zote nitakuwa nazo mimi. Jaimin atakuja kuzililia. Nami nitambadilishia: kumi za zamani kwa nne mpya za bei ya kati, maana baba yake lazima atazipata. Nne, kwa kompyuta zangu nne. Chumba kitajaa kabla ya Idi. Akiba haiozi.

Nimeanza leo. Fundi wa Gerezani alikuwa na kadi saba za zamani. Kanipa zote kwa baiskeli yangu. Alikuwa anacheka peke yake akiisukuma hadi mtaa wa pili. Furaha ya mjinga.

Ijumaa, 12 Machi

Kadi kumi na tisa. Redio kaseti imekwenda. Feni imekwenda.

Joto la leo halisemeki. Waridi aliuliza feni iko wapi, nikasema iko kwa fundi. Si uongo, fundi anayo. Akanitazama ninavyotiririka jasho, akaitazama ile picha ya nyasi ukutani. Akauliza kadi hizo ninazoziota ni zipi hasa. Nikamweleza kwa kirefu. Akanitaka nimwandikie jina na namba kwenye karatasi. Nikaandika kwa herufi kubwa. Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga.

Najua anakoipeleka. Kwa shoga yake Kijakazi, yule anayepanda ndege kila mwezi kwenda Dubai kuleta mapazia na vitambaa. Wataisoma pamoja wacheke. Wacha wacheke. Mwezi huu hauishi hawajaacha kucheka.

Jumatatu, 15 Machi

Nimetoka alfajiri kuwahi foleni dukani kwa Mzee Natvarlal. Mbinu ya akiba: hata zikija chache, niwe wa kwanza. Nimebeba matofali manne. Moja langu, moja la Waridi, mawili ya kuwauzia nafasi watakaochelewa. Nikayapanga mlangoni kwa mstari, vizuri, kama tulivyokuwa tunapanga zamani. Saa kumi na mbili hakuja mtu. Saa moja hakuja mtu. Saa mbili mlinzi akaniuliza kama tunajenga.

Vijana hawajui. Foleni haikuwa taabu peke yake. Kwenye foleni ndiko ulikojua nani kajifungua, nani kafiwa, nani anaoza binti. Muuza kahawa anapita na deli lake, mtu anakusimulia habari za Kigoma, unasahau ulikuja kufuata nini. Unaweka jiwe lako, kandambili, kikapu, chochote, unaenda kuswali, unarudi unakikuta pale pale. Kusogeza jiwe la mtu ilikuwa sawa na kumpiga kofi. Na wala hatukuuliza kinachouzwa. Ukiona foleni unaingia kwanza, kuuliza baadaye. Siku moja nilisimama saa tatu nikapata vibiriti viwili na wembe, nikarudi nyumbani nimefurahi.

Kwenye foleni ndiko nilikomwona Waridi. Mimi nikiwa ndani ya dirisha la stoo na funguo shingoni, yeye nje, tofali lake amelifunga kipande cha khanga ili alitambue. Nilimwekea pembeni nusu kilo ya sukari. Akakataa. Akasema kuna watu kumi na sita mbele yake, na wao wana watoto. Nilikaa na ile sukari mkononi nimepigwa na butwaa. Miezi mitatu baadaye nikapeleka posa. Mungu anisamehe, nawakumbuka wale watu kumi na sita kuliko ninavyowakumbuka ndugu zangu.

Saa tatu akaja Mzee Natvarlal mwenyewe. Akayaona matofali. Akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akatoa vigoda viwili na chai ya maziwa yenye iliki, tukakaa mlangoni, yeye na mimi, nyuma ya matofali manne.

Akanikumbusha mwaka themanini na tatu, ule msako wa walioficha mali. Mimi nilikuja kwake na wakaguzi, nimebeba daftari. Yeye alikuwa amefukia katoni za balbu za tochi ndani ya gunia la maharage, na mimi nikaenda kukaa juu ya gunia lile lile nikanywa chai yake. Akasema kwa miaka kumi na sita amekuwa akitaka kuniuliza kama nilijua. Nikamwambia nilijua. Maharage gani yanalia kama vioo. Akaniongeza chai.

Wakati naondoka akasema, bwana stoo, siku hizi mali ndiyo inayopanga foleni kungoja watu. Mzee huyu uzee umeanza kumwingia. Nimerudisha matofali nyumbani.

Alhamisi, 18 Machi

Bandarini. Hamis, mwenzangu wa zamani wa shirika, siku hizi yuko kwa wakala wa kutoa mizigo. Nimempelekea kahawa na kashata ili aninong'oneze habari za makontena. Zamani tulizijua meli zote kwa majina kama watoto wa jirani. Meli ya ngano ikionekana tu, mji mzima unakwenda kununua mafuta ya kupikia chapati. Leo Hamis anatazama karatasi, meli hata hazioni.

Akapekua. Akasema hakuna kontena lenye kadi za picha mpaka Mei. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Mpaka Mei! Uhaba wa miezi miwili. Mpango wangu umenyooka.

Hamis akaendelea kusema kwamba vitu vidogo vyenye thamani haviji kwa meli tena, vinakuja kwa ndege, ndani ya mabegi ya akina mama wanaokwenda Dubai. Nilimsikiliza kwa heshima tu. Akina mama wanaleta mapazia. Kila mtu anajua.

Nimerudi nikakuta Waridi anafunga mizigo. Dada yake kajifungua Bagamoyo, anakwenda kumsaidia, atarudi siku ya Idi. Akasema Kijakazi ataleta furushi, nilipokee. Akasita mlangoni kama mwenye neno jingine. Nikamuuliza nini. Akasema hakuna kitu, akatabasamu, akaenda. Siku nyingi sijamwona akitabasamu vile.

Jumamosi, 20 Machi

Kijakazi kafika na furushi. Kubwa, limefungwa kamba ya katani. Nimechungulia pembeni: mapazia, bluu iliyoiva. Akasema Waridi kaagiza nilifungue mwenyewe nione kama nitapenda.

Hapo nikaelewa lile tabasamu. Mapazia ya chumba changu. Idi haijafika na mwanamke ameshaanza kupima madirisha. Nikifungua nikasema mazuri, nimekubali kuhama. Sifungui. Nimemwambia Kijakazi ahsante, safari njema. Akaniuliza tena kama kweli sifungui. Nikasema mapazia hayaozi. Akaenda zake akitikisa kichwa.

Furushi liko pale mezani linanitazama.

Jumapili, 21 Machi

Ndugu zangu, kuna siku akili inafanya kazi mpaka mwenyewe unaiogopa.

Chumba cha Jaimin kinatazama magharibi. Alasiri jua linapiga kwenye vioo vya kompyuta, wateja wanacheza wamefinya macho. Anahitaji mapazia. Mimi nahitaji kadi za zamani, na za mwisho Kariakoo nzima anazo yeye. Na sihitaji mapazia kabisa. Mapazia yakiondoka, Waridi ataanzia wapi kuingia? Ndege wawili kwa jiwe moja.

Nimekwenda na furushi begani. Shikamoo mjomba, marahaba. Nikamweleza. Akauliza kama shangazi Waridi anajua. Nikasema mimi ndiye mwenye nyumba. Akauliza kama sitaki kulifungua kwanza nione kilichomo. Nikamwambia muungwana hahesabu mapazia.

Lakini mimi ni mtu wa utaratibu. Nilikuwa nimeandaa hati ya makabidhiano, nakala tatu, kama enzi za stoo. Imeandikwa: mali yote iliyomo, inayoonekana na isiyoonekana, imehama mkono, na hakuna marejesho. Nikatia sahihi, akatia sahihi, nikagonga muhuri wa shirika ambao siku ya kuagwa kwa bahati nzuri ulibaki mfukoni mwangu. Akanipa kadi zake sita. Kisha akaingia uani akatoka na mbili zaidi bila kuombwa, zina majivu kidogo ya jiko. Nimezifuta.

Kadi ishirini na saba. Bongo nzima haina kadi ya zamani nje ya kitanda changu.

Jumanne, 23 Machi

Jaimin kaja na vijisanduku vinne mkononi. Akaanza kusema mjomba, ndani ya mapazia tumekuta hivi, nadhani ni vyako. Nikamnyamazisha kwa mkono. Ujanja huo nimeuona dirishani kwangu miaka kumi na moja. Mtu akijutia biashara yake huja na kisingizio, ukipokea tu kitu kimoja hati imevunjika. Keshajua thamani ya zile kadi nane, anazitaka.

Nikamwonyesha pale palipoandikwa inayoonekana na isiyoonekana. Akataka kuviweka mezani. Nikafunga mlango. Nilisimama nyuma ya mlango dakika nzima nikijipongeza.

Alhamisi, 25 Machi

Leo kaja Mzee Natvarlal mwenyewe, kwa miguu, na magoti yake yale mabovu. Akasema Mwinyimvua, mtoto wangu anataka kukurudishia mali yako, hapati usingizi. Nikasema hati ina muhuri. Akavaa miwani, akautazama muhuri, akasema shirika hili lilikufa miaka mitano iliyopita. Nikasema muhuri haukufa.

Akasema haya, shauri yako, Idi imekaribia na mali haiwezi kukaa tu kwenye rafu. Nikamsindikiza hadi barabarani kwa heshima zote. Kushinda na kuwa na adabu, mambo mawili hayo si kila mtu anayaweza.

Hajaja mteja hata mmoja kuulizia kadi za zamani. Wanaona aibu bado.

Jumapili, 28 Machi. Idi Mosi

Ya leo ni magumu kuandika, lakini nitaandika.

Asubuhi nimeswali Mnazi Mmoja. Kanzu mpya. Nikarudi, nikafungua milango yote miwili ya chumba, nikafukiza ubani, nikawasha kompyuta zote nne. Nikapitia ndani kubadilisha kofia. Kutoka, nakuta foleni.

Foleni, mlangoni kwangu! Watu wamepanga mstari kutoka kona, ukapita mbele ya baraza yangu ukaenda zake. Makarani wa bandari, mafundi wa Gerezani, vijana wa sokoni, kila mtu na nguo za Idi. Kuna mama anauza kahawa. Nyuma yake mzee mmoja anamsimulia mwenzake habari za mtoto wa kaka yake aliyefaulu kwenda chuo. Miaka kumi na mitatu sijaona kitu kile. Macho yalinijaa maji. Sikuuliza inauzwa nini. Nilishuka barazani, nikaingia nyuma ya fundi cherehani mmoja wa Mtaa wa Swahili, nikasimama.

Nilikaa kwenye foleni ile saa nzima na nilikuwa na furaha kuliko siku yoyote tangu nipunguzwe. Nikaambiwa nani kafiwa Ilala. Nikampa mtu nafasi akaenda msalani, akarudi akaikuta. Nilimweleza aliye mbele yangu habari za sukari na watu kumi na sita, akacheka vizuri. Wala sikukumbuka kwamba nina chumba kilicho wazi, kina ubani, na hakina mtu.

Mstari ukasogea. Nikafika mlangoni kwa Jaimin.

Ndani kuna giza zuri la bluu. Mapazia yamefunga jua lote. Na kwenye kompyuta nne za mbele wachezaji wanakimbia, wana sura, wana jasho, kila mmoja ana kivuli, na nyasi zinaonekana unyasi mmoja mmoja. Nilizijua nyasi zile. Nimezitazama ukutani kwangu wiki tatu.

Nikasikia naitwa kwa jina la binti yetu. Baba Maimuna. Nikageuka. Waridi, katoka Bagamoyo, mkoba bado mkononi. Alinitazama mimi ndani ya foleni. Akayatazama mapazia dirishani. Akauliza kwa sauti ya chini kwa nini mapazia yake yako kwa watu.

Jaimin akatoka, masikini, uso umemshuka, akamwamkia, akamweleza yote, akampa nakala yake ya hati. Waridi akaisoma mpaka kwenye muhuri. Halafu akaniambia. Alimpa Kijakazi ile karatasi niliyoandika kwa herufi kubwa. Kadi nne za bei ya kati, katikati ya mapazia. Fedha aliyokuwa akiweka ya cherehani ya pili imekwenda huko. Mapazia nayo yalikuwa ya chumba changu, jua lisiue picha. Alitaka nikae na chumba.

Jaimin akasema anazichomoa sasa hivi, mbele ya foleni yote. Waridi akakataa. Akasema mume wangu ametia sahihi, na sahihi yake ni yangu. Akaenda nyumbani. Watu wakanipisha njia. Nilikuwa nimevaa kanzu mpya na sikujua mikono niiweke wapi.

Jumatatu, 29 Machi. Idi Pili

Nimehamisha kompyuta mwenyewe. Nimeingiza cherehani yake mwenyewe, nimefagia, nimepiga deki. Hakunituma.

Nilimwomba msamaha mchana, wakati wa pilau. Nilisema wazi, bila maneno ya pembeni, kwamba nimekosa na naona aibu. Akala matonge mawili matatu. Akasema kadi si kitu, zingeharibika siku moja. Kinachomuuma ni kwamba aliniambia nifungue na sikufungua. Wiki nzima Bagamoyo, anamwogesha mtoto wa dada yake, alikuwa akinifikiria nafungua lile furushi. Alikuwa anaijua mpaka sura nitakayoweka. Nikarudisha tonge kwenye sinia. Nampenda sana mke huyu na sijui kwa nini kila nikitaka kumfurahisha nampitia mbali.

Alasiri mkokoteni ukasimama mlangoni. Mzee Natvarlal kaleta cherehani ya miguu, ya chuma, nzito, ina maua ya dhahabu yaliyofifia. Ilikuwa ya marehemu mkewe, Bibi Ila, aliyewashonea nusu ya watoto wa mtaa huu sare za shule, na Maimuna wetu mmojawapo. Akasema biashara yangu na mtoto wake haikulingana, na hii ni sehemu iliyobaki. Akasema pia Ila asingependa ikae stoo. Waridi akaushika ule mkono wa gurudumu, akauzungusha kidogo, akalia. Mzee akalia. Mimi nilikuwa nimeshaanza zamani.

Jumapili, 4 Aprili

Wakristo wana Pasaka. Mtaa umetulia. Mvua imeanza jana, ya masika hasa, na vitambaa vya watu vimekauka salama ndani ya chumba cha mbele.

Chumba kimejaa. Wanawake wanapimwa, wanachagua mishono, wanagombea zamu, wanasimuliana nani kaolewa. Ukikisikiliza ukiwa umefumba macho, ni foleni ya mwaka themanini na mbili. Waridi kaniachia pembe moja, meza na kompyuta namba mbili. Kadi zangu zilizobaki, ishirini na sita, ziko chini ya meza. Jana mteja mmoja aliomba moja akafunge mlango wake usipigwe na upepo. Nimempa.

Nimejifunza. Nimekaa na nafsi yangu nikaiambia ukweli: Mwinyimvua, tamaa na ujuaji vimekuponza, na mkeo amekustahi kuliko unavyostahili. Sitagusa tena kitu cha mtu bila kumuuliza. Nimeapa.

Leo Jaimin kapita kuniamkia. Ana huzuni. Kaletewa gazeti jipya la Ulaya. Mwishoni mwa mwaka zinatoka kadi nyingine, bora mara mbili, na bei ya chini zaidi. Anasema hizi mpya alizonazo zitakuwa takataka kabla hajazifaidi, na wenye maduka wote mjini wameanza kutaka kuziondoa.

Nilimpa pole. Lakini alipoondoka nilianza kufikiri. Kosa langu halikuwa mpango. Mpango ulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kukusanya zile za zamani sana. Hizi za bei ya kati ndizo za kukusanya, sasa, zote, kabla wengine hawajashtuka. Zile nyingine zitakuja chache, wakubwa watazichukua, na hapo mtanitafuta.

Nimemuuliza fundi wa Gerezani, kwa kupima maji tu. Anazo kumi. Fedha hataki. Anasema mkewe anatafuta cherehani, hasa ya chuma, ya zamani, zile zisizoharibika.

Waridi ana cherehani mbili, na cherehani hizi zinakanyagwa kwa miguu yote miwili. Nimekaa hapa pembeni kutwa nikimtazama, na kwa kweli hawezi kuzikanyaga zote kwa pamoja.